Jina la Nyumba na Mkono wa Fundi

Tarehe 24 Oktoba 1957, Christian Dior, mshonaji aliyekuwa mashuhuri kuliko wote wa Paris kwa zama zile, alifariki ghafla katika mji wa Montecatini nchini Italia, na nyumba yake ya mavazi, ambayo ilikuwa imetimiza miaka 10 tu tangu ilipoonyesha nguo zake za kwanza mwezi wa Februari 1947, ikabaki na mafundi wake, na sindano zake, na daftari za wateja wake wa mabara yote, lakini bila ya yule ambaye jina lake lilishonwa ndani ya kila vazi. Urithi ule alikabidhiwa kijana wa miaka 21, Yves Saint Laurent, mzaliwa wa Oran katika pwani ya Algeria, Mfaransa kwa nasaba lakini mtoto wa bara letu kwa jua lililomwangaza. Alikaa katika kiti kile mpaka 1960, alipoitwa jeshini, akafuatwa na Marc Bohan aliyedumu hadi 1989. Kisha akaja Gianfranco Ferré, Mwitalia, hadi 1996. Kisha John Galliano, mzaliwa wa Gibraltar, hadi 2011. Na baada yake Raf Simons, na Maria Grazia Chiuri, na tangu 2025 Jonathan Anderson. Kila mmoja alikuja na macho yake na ilhamu yake, wengine wakaondoka kwa heshima na wengine kwa fedheha, na kwa muda wote huo jina lililoandikwa mlangoni halikuguswa.

Sisi Wanyakyusa wa Rungwe, kusini mwa Tanzania, ambao wazee wetu waliishi katika taratibu ya ubusoka, tunayo sababu ya kuyatazama mambo haya kwa jicho la ujuzi. Malafyale, yaani mtemi, alipokuwa amezeeka, na wanawe wakubwa pamoja na hirimu zao wamekwisha kuoa na kujenga vijiji vyao, ilifanywa sherehe iliyotokea mara moja tu katika kila kizazi: mioto ya nyumba zote ikazimwa, moto mpya ukapekechwa na kugawiwa kila jiko, mti ukapandwa, amafumu wapya wakateuliwa kusimamia vijiji, na nchi ikagawanywa kwa wana wawili wa yule mzee, ambaye mwenyewe hakutarajiwa kuishi muda mrefu baada ya siku ile. Mamlaka yalihama waziwazi, na aliyeyapokea aliyapokea pamoja na moto wake mwenyewe. Katika nyumba ya Paris moto hauzimwi. Mgeni huingia akakuta makaa ya marehemu, akaamrishwa ayapulize, na sifa ya mwali wake mpya ikaandikwa kwa jina la aliyewasha zamani. Nadhani hapo ndipo ilipo shida ya wabunifu wale, na ndiyo sababu ya baadhi yao kudumu miaka mitatu au minne tu: mtu hawezi kwa urahisi kuwa mrithi na mwanzilishi kwa pamoja.

Desturi ya kushona jina ndani ya vazi haina umri mkubwa. Anayetajwa aghalabu kuwa mwanzilishi wake ni Charles Frederick Worth, Mwingereza aliyehamia Paris, ambaye pamoja na mshirika wake Otto Bobergh alifungua duka mwaka 1858. Kabla ya zama zake fundi alikuwa mtumishi: bibi tajiri alinunua kitambaa, akamwita fundi nyumbani kwake, akamwamuru la kufanya. Worth alizipindua desturi hizo, akawafanya mabibi waje kwake kuchagua katika yale ambayo yeye amekwisha kuyabuni, na akatia jina lake katika nguo kama mchoraji atiavyo jina lake pembeni mwa picha. Alipokufa mwaka 1895, wanawe Gaston na Jean-Philippe waliendelea na kazi, na hapo ndipo ilipodhihirika kuwa jina la fundi laweza kuishi kuliko fundi.

Na nakshi za nyumba hizo za Paris zilitoka wapi? Saint Laurent, baada ya kuanzisha nyumba yake mwenyewe, alitoa mwaka 1967 mavazi ya ushanga wa miti na ukili, akasema waziwazi kuwa ilhamu yake ni Afrika. Galliano alipoanza kazi katika nyumba ya Dior, Januari 1997, aliwavisha wanawake wa Paris makoja ya shanga yaliyofuata mfano wa Wamasai. Kim Jones, ambaye sehemu ya utoto wake aliipitisha Ethiopia, Kenya, Tanzania na Botswana, alipokabidhiwa mavazi ya wanaume katika nyumba ya Louis Vuitton mwaka 2011, alianza na miraba myekundu na ya buluu ya shuka la Kimasai. Ni haki kukumbuka hapa kwamba shuka lenyewe, tunalolihesabu kuwa alama ya Umasai tangu dahari, ni nguo iliyofumwa kwa mitambo na kuletwa na wafanya biashara, nao Wamasai wakaichagua na kuikataa, wakapanga rangi na miraba yake, mpaka ikawa yao. Waliochagua ni wengi, na hakuna hata mmoja aliyeandikwa jina.

Swali hilo la nani aliyebuni ndilo linalonifanya nirudi kwetu, katika nchi hii ya migomba na mvua inayozunguka mlima Rungwe, kuanzia Kinyala mpaka Tukuyu na kuteremka hadi Kyela, kwa sababu libasi ya nchi hii katika muda unaokaribia karne moja na nusu imebadilika mara nyingi kuliko nyumba yoyote ya Paris ilivyobadilisha mabwana wake.

Joseph Thomson, msafiri wa Kiskochi, alipopita kaskazini ya ziwa Nyasa mwaka 1879, aliisifu nchi hii kwa usafi wa nyumba zake na uzuri wa migomba yake. Watu aliowakuta hawakuwa na pamba. Wanaume walivaa mapete mazito ya shaba viunoni, na wanawake walifunga kipande cha nguo ya gome. Mtu asidhani kuwa uchache wa nguo ulikuwa uchache wa ustadi. Gome la mtini huambuliwa kwa uangalifu ili mti usife, likalowekwa, likapondwa kwa nyundo ya mti pigo baada ya pigo mpaka likapanuka na kulainika kama ngozi iliyofanyiwa dawa, na pigo moja la pupa hulitoboa. Chuma kilitoka kwa wahunzi wa Kikinga katika milima ya mashariki, na vyungu kwa wanawake wa Kikisi wa pwani ya ziwa; kwa hiyo hata kabla ya kuja mgeni yeyote, mwili wa Mnyakyusa na nyumba yake vilipambwa kwa kazi ya mikono ya makabila kadhaa.

Katika Buganda, ambako nguo ya gome ilifika daraja ya ufalme, kazi hiyo ilikuwa na cheo chake: mafundi wa ukoo wa Ngonge, chini ya mkuu wao mwenye cheo cha urithi aitwaye kaboggoza, ndio waliomtengenezea Kabaka na jamaa zake mavazi yao. Mtu mmoja hufa, mwingine wa ukoo huohuo hushika nyundo, na cheo hubaki. Shirika la UNESCO liliutangaza ustadi huo mwaka 2005 kuwa miongoni mwa turathi za wanadamu. Iwapo tunatafuta katika Afrika ya Mashariki mfano wa nyumba ya kifahari yenye mbunifu mkuu anayerithiwa, basi huo hapo, nao ni mkongwe kuliko Worth. Rungwe haikuwa na kaboggoza. Hapakuwa na mfalme mmoja wa nchi nzima, bali malafyale wengi wenye nchi ndogo ndogo, na kwa hiyo hapakuwa na fundi mmoja wa kuamua mavazi ya wote. Kila kijiji kilijiamulia.

Pamba ilikuja kwa njia ya ziwa, nayo haikuja kwa amani. Karonga palikuwa na ghala ya African Lakes Company, na karibu yake ngome ya Mlozi, mfanya biashara wa pembe na watumwa, ambaye vita vyake na kampuni hiyo vilianza 1887, naye akanyongwa mwaka 1895. Katika soko kama lile jora la merikani lilikuwa fedha, na kuna wanadamu waliopimwa thamani kwa dhiraa za nguo. Mwaka 1891 wakaja wamisionari wa aina mbili: Wamoravian, pamoja na Theodor Meyer, wakajenga Rungwe, na watu wa Misheni ya Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky wakajenga upande wa kusini. Waliowachimbia misingi na kuwabebea matofali walilipwa nguo, na kwa njia hiyo ujira wa kwanza kupatikana katika nchi hii ulivaliwa mwilini kabla haujapata kutiwa mfukoni. Kisha ikaja kodi ya Wajerumani waliotutawala, katika miaka ya mwisho ya karne ile, iliyodai fedha, na boma lao likahamishwa kutoka pwani ya ziwa hadi Tukuyu, wakaliita Neu-Langenburg, na maduka yakaanza kufuata boma.

Misheni ilileta, pamoja na Injili, fikira mpya juu ya mwili: kwamba aliyebatizwa hujulikana kwa nguo yake. Wasichana walifundishwa kushika sindano, na wavulana wa shule wakavishwa kaptura na shati. Wako wanaoihukumu zama ile kuwa ni ya kuvuliwa utamaduni, na wako wanaoisifu kuwa ni ya kuvikwa ustaarabu. Mimi naona kauli zote mbili zinamsahau mwenye mwili. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliokaa na wazee wetu kwa uchunguzi kati ya 1934 na 1938, walikuta nguo za pamba zimeenea kila mahali, na bado katika matanga wanawake walijifunga mishipi ya gome. Mtu yuleyule aliyekwenda kanisani na gauni alirudi kwenye gome siku ya kumlilia ndugu yake. Kwa maoni yangu huo ni uteuzi wa mtu mwenye akili timamu, ajuaye ni vazi gani la furaha, lipi la ibada na lipi la majonzi, nao hauna upungufu mbele ya uteuzi wa bwana yeyote wa Paris anayefungua sanduku la marehemu na kuamua kipi kibaki na kipi kiachwe.

Kati ya mavazi yote yaliyopanda milima yetu, hakuna lililopokewa kwa mapenzi kama kanga, na habari zake zastahili kusimuliwa kwa kituo, maana hizo ndizo habari za nyumba za mavazi katika pwani ya Waswahili. Yasemwa kuwa wanawake wa Unguja, katika nusu ya pili ya karne ya 19, walikuwa wakinunua leso zilizopigwa chapa katika jora moja, wakazikata vipande sita, wakavishona vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo moja pana isiyofanana na ya jirani. Wenye maduka walipoona hivyo wakaagiza nguo nzima iliyokwisha kupigwa chapa kwa namna ile, yenye pindo pande zote na mji katikati. Viwanda vilivyopiga chapa vilikuwa mbali, Uholanzi na Uingereza na kwingineko, baadaye India na Japani. Lakini wachapaji wale hawakujua la kuchora isipokuwa kwa kuambiwa, na waliowaambia walikuwa wafanya biashara wa Unguja na Mombasa, ambao nao waliambiwa na wanawake waliosimama mbele ya meza zao. Mtindo uligeuka kwa haraka ya kutisha. Shehena iliyochelewa njiani ikafika wakati macho ya mji yamekwisha kuhamia rangi nyingine, ililala ghalani, na tajiri akahesabu hasara. Siku hizi twasikia kuwa nyumba za Ulaya hutoa mitindo mipya kila msimu. Wanawake wa Unguja walikuwa wakiwatesa wachapaji wa Uholanzi kwa jambo hilo kabla Dior hajazaliwa.

Mwaka 1887, huko Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana zaidi kwa jina la Abdulla, alianzisha biashara ya kanga ambayo bado ipo mikononi mwa kizazi chake, na nguo zake zikatiwa alama ya K.H.E. pamoja na maneno «Mali ya Abdulla». Yeye ndiye anayehesabiwa aliyeeneza desturi ya kutia semi juu ya pindo la chini, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi. Tazama basi jinsi nyumba hizi mbili zilivyoshabihiana na kutofautiana: Worth anatia jina lake ndani ya vazi, ambako halionwi isipokuwa na mwenye kulivua, Abdulla anatia lake nje, wazi, lakini kando yake anaweka sauti ya mvaaji, kwa sababu semi zile zilichaguliwa ili mwanamke amwambie mume, au mke mwenzake, au jirani, lile ambalo ulimi ungeona haya kulitamka. Nyumba ya Mombasa iliuza kitambaa pamoja na nafasi ya kusema. Huo ni ubunifu wa daraja ya juu kabisa, na historia ya mitindo ya dunia inapoandikwa pasipo kuutaja, imeandikwa na upungufu.

Kanga zilifika Tukuyu juu ya vichwa vya wapagazi na baadaye kwa malori, zikaingia katika maduka ya Wahindi, na mbele ya maduka hayo, barazani, aliketi fundi cherehani. Hapa ndipo yalipo makao ya kweli ya mitindo ya Rungwe. Baraza haikuwa yake; aliipata kwa mapatano na mwenye duka, aliyeuza kitambaa ndani na kumwelekeza mnunuzi kwa fundi aliye nje, na mapatano hayo yalipovunjika fundi aliinua cherehani yake akahamia baraza nyingine, na mwingine akaketi mahali pake. Wateja walijua kuhama huko. Mwanamke aliyependa marinda ya fundi fulani alimfuata alikokwenda, na mwenye duka aliyempoteza fundi hodari alipoteza na jora zake. Ni jambo lilelile la mabwana wa Paris na wabunifu wao, isipokuwa baraza ya Tukuyu haikudai kumiliki jina la mtu: watu walisema wanakwenda kwa fundi, si kwa duka.

Na fundi huyo ilhamu yake aliipata wapi? Aliipata barabarani. Vijana waliokwenda kuchimba dhahabu ya Lupa, hasa katika miaka ya 1930, walirudi na suruali pana na makoti. Waliofika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na ya dhahabu huko Afrika Kusini walirudi na suti kamili na kofia, wakamwendea fundi na kumwambia ashone nyingine mfano wa ile. Hakuwa na picha ya kufuata wala karatasi ya vipimo. Aliligeuza koti ndani nje, akasoma mishono yake, akalikata jipya. Fedha ya kahawa ilipoanza kuingia, na wakulima wakajiunga katika ushirika wao baada ya Vita Vikuu vya Pili, msimu wa malipo ukawa msimu wa cherehani kulia usiku kwa taa. Katika makanisa, sare za kwaya zilifanya kazi ambayo katika Ulaya hufanywa na maonyesho: kwaya moja ikisimama na kola ya namna mpya, Jumapili zilizofuata zilileta kola ile katika sharika za jirani.

Baada ya uhuru mkono wa serikali nao uliingia katika sanduku la nguo. Mwaka 1968, kwa msaada wa China, kilifunguliwa Dar es Salaam kiwanda cha Urafiki, na kanga na vitenge vikaanza kupigwa chapa nyumbani. Jina la kiwanda likaonekana pindoni, la mchora nakshi halikuonekana. Mwaka uleule Umoja wa Vijana wa TANU ulipiga vita sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia katika mji huo, na wanaume wenye cheo wakapendelea suti iliyopewa jina la Kenneth Kaunda, rais wa zama zile wa nchi jirani ambayo mpaka wake hauko mbali nasi. Katikati ya miaka ya 1980 milango ya biashara ikafunguliwa, na mitumba ikamiminika. Tangu hapo imekuwa jambo la kawaida kuona sokoni Tukuyu koti lenye jina la nyumba ya Paris au Milano likining'inia juu ya kamba, likachukuliwa kwa fundi, likapunguzwa mabega, likabadilishwa vifungo, na mikono yake ikafupishwa kwa ajili ya mwili mwingine na hali nyingine ya hewa. Kazi ya bwana wa Ulaya husahihishwa pale na mtu ambaye hatajwi.

Wabunifu wenye majina nao wamepatikana, na ni furaha kubwa. Mustafa Hassanali alianzisha Swahili Fashion Week mwaka 2008, na tangu wakati huo wapo vijana wa Tanzania wanaoonyesha mavazi yao hadharani na kutiwa katika magazeti. Lakini nyumba nyingi kati ya hizo ziko pwani na katika miji mikubwa, nazo zikisimulia asili yake husimulia kanga na shuka, mara chache sana gome na shaba za milima hii.

Kauli yangu ni kwamba Rungwe haikukosa wabunifu, ilikosa daftari. Nyumba ya Dior huhifadhi michoro na mavazi ya kila aliyeiongoza, na picha za kale za watu wetu wa Rungwe zimetunzwa kwa hadhari katika hifadhi ya Wamoravian huko Herrnhut, Ujerumani, wakati katika masanduku yetu wenyewe kanga za bibi zinaliwa na nondo na picha za arusi zimeandikwa nyuma jina la mpiga picha pekee. Kwa hiyo namwomba msomaji wa Kinyala, na wa Tukuyu, na wa popote ambapo makala haya yatafika: ikiwa katika jamaa yako yupo fundi aliyezeeka, mwulize alijifunza kwa nani, alikaa baraza ya nani, na mwaka gani alishona nini, uyaandike; daftari lake la vipimo usilitupe; na nyuma ya picha ya arusi, chini ya majina ya bwana na bibi arusi, tia na jina la aliyeshona gauni.